Hesabu ya 409: mashabiki wa Penn State na swali la nani awajibike

Jumamosi ya tarehe 29 Oktoba 2011, theluji ikiwa imewahi kuanguka katikati ya jimbo la Pennsylvania, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Penn State iliifunga Illinois pointi 10 kwa 7. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kusuasua, lakini ulikuwa wa 409 kwa kocha mkuu Joe Paterno, na kwa huo alimpita Eddie Robinson wa Grambling, aliyeishia 408, akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika daraja la kwanza la futiboli ya vyuo. Baada ya mechi alikabidhiwa tuzo ya ukumbusho na wakubwa wake wawili: rais wa chuo, Graham Spanier, na mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Siku saba baadaye Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wa Paterno kwa takriban miaka 30, alikamatwa kwa mashtaka 40 yaliyohusu kuwadhalilisha kingono watoto wa kiume, na Curley mwenyewe akawa miongoni mwa walioshtakiwa kuhusiana na kunyamaziwa kwa jambo hilo. Kufikia tarehe 9 Novemba, Paterno na Spanier hawakuwa tena na kazi.

Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi kama kisa cha mashabiki waliopofushwa na mpira. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mepesi mno. Mashabiki wa Penn State walidai uwajibikaji kwa sauti kubwa na kwa miaka mingi: waliandika barua, walichanga fedha, waligombea uongozi, walikwenda mahakamani. Kinachohitaji kufafanuliwa ni jinsi madai hayo yalivyoanza na watoto waliodhulumiwa yakaishia kwenye idadi ya mechi alizoshinda kocha, na kwa nini hata waliotaka kuwaadhibu mashabiki waliishia kuhesabu kwa kipimo hichohicho cha mechi.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kwanza picha ya ukubwa wa jambo hili. Futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu, ina ligi yake ya kulipwa, lakini katika miji mingi ya Marekani isiyo na timu ya kulipwa, timu ya chuo ndiyo timu ya watu. Uwanja wa Beaver wa Penn State unaingiza watazamaji zaidi ya 106,000, ilhali mji wa State College uliouzunguka ulikuwa na wakazi wapatao 42,000 katika sensa ya 2010. Siku ya mechi ya nyumbani mji humezwa na wageni. Familia huwasili tangu asubuhi, wengine tangu jana yake, hufungua migongo ya magari katika maegesho, huchoma nyama, na baba humwonyesha mwanawe bweni alimoishi miaka 30 iliyopita. Wanafunzi hulala katika mahema nje ya lango ili wapate viti vya mbele, na kwa miaka kadhaa kambi yao iliitwa Paternoville, yaani mji wa Paterno. Wachezaji wakati huo hawakulipwa mshahara, walipewa ufadhili wa masomo tu, huku timu ikiingiza makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka na kubeba gharama za michezo mingine mingi chuoni.

Katikati ya yote hayo alikaa Paterno, mzaliwa wa Brooklyn, aliyefika chuoni mwaka 1950 akiwa kocha msaidizi na kuwa kocha mkuu mwaka 1966. Alitwaa ubingwa wa taifa kwa msimu wa 1982 na wa 1986. Sifa yake, hata hivyo, haikusimama juu ya vikombe peke yake. Alisisitiza kwamba wachezaji wake wasome na kuhitimu, na kaulimbiu ya programu yake ilikuwa kushinda kwa heshima. Yeye na mkewe Sue walikitolea chuo zaidi ya dola milioni 4, na sehemu ya maktaba kuu ina jina lao. Kocha kujengewa uwanja ni jambo la kawaida Marekani. Kocha kuandikwa kwenye ukuta wa maktaba si la kawaida hata kidogo. Kwa hiyo shabiki wa Penn State aliamini kwamba timu yake ilikuwa bora kimaadili kuliko za wengine, na imani hiyo ilikuwa sehemu ya alichokuwa akikishangilia kila Jumamosi. Upande mmoja wa uwanja hupaza sauti ukisema "Sisi ni", na upande wa pili hujibu "Penn State". Mwito huo haumtaji mchezaji, haumtaji kocha, hautaji hata mchezo. Unataja nafsi ya kwanza wingi.

Nafsi hiyo ndiyo inayobeba fundo la jambo lote. Shabiki wa klabu ya kulipwa anaweza kumlaani mmiliki, akamwita mwizi, na bado akabaki shabiki, kwa sababu mmiliki si yeye. Mhitimu wa chuo hana umbali huo. Cheti chake kina jina lilelile lililo kwenye jezi, na kazi aliyoipata huenda aliipata kwa mkono wa mhitimu mwenzake. Mkuu wa chuo anapotuhumiwa kunyamaza, masikio ya mhitimu husikia: ninyi mlinyamaza. Na mtu anayeambiwa kosa ambalo hakulitenda hujibu, kwa haki kabisa, kwamba hakulitenda. Jibu hilo ni la kweli, ila linajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kilichotendeka, kwa mujibu wa mahakama na uchunguzi uliofuata, ni hiki. Sandusky alianzisha mwaka 1977 taasisi ya hisani iitwayo The Second Mile, iliyowasaidia watoto wa familia zenye shida, na kupitia taasisi hiyo aliwapata wavulana aliowadhulumu. Tiketi za mechi, ruhusa ya kuingia vyumba vya wachezaji, kusafiri na timu: hivyo ndivyo vilivyokuwa chambo. Ninasisitiza hili kwa sababu mara nyingi hupitwa haraka. Ushabiki haukuingia katika kisa hiki baada ya kashfa kufichuka. Ulikuwamo tangu mwanzo, machoni mwa mtoto aliyeambiwa kwamba atasimama pembeni mwa uwanja pamoja na mashujaa wake.

Mwaka 1998 mama mmoja alitoa taarifa kwamba mwanawe alioga na Sandusky katika mabafu ya timu. Polisi wa chuo walichunguza, mwendesha mashtaka wa wilaya akaamua kutofungua kesi, na Sandusky akastaafu mwaka uliofuata akiwa bado na funguo na heshima zake. Mwaka 2000 mfanya usafi mmoja wa jengo la mazoezi alimwona Sandusky bafuni akimdhalilisha mvulana. Aliwasimulia wenzake akiwa ametikisika. Alikuwa amepigana vita vya Korea na kuona watu wakiraruliwa matumbo, akasema lakini hili la leo hatalisahau. Wenzake walimwambia kwa nani apeleke taarifa, kama anataka. Hakupeleka, na wao hawakupeleka, kwa kuhofia kufukuzwa kazi. Mmoja wao aliwaambia wachunguzi miaka kadhaa baadaye kwamba kumripoti Sandusky kungekuwa kama kumkabili rais wa Marekani, na kwamba futiboli ndiyo inayokiendesha chuo hiki.

Nimesoma kurasa nyingi za kesi hii, na sidhani kuna sehemu inayoeleza utamaduni wa mashabiki vizuri kuliko hofu ya wafanya usafi hao. Hakuna shabiki aliyewatisha. Hakuna kocha aliyewaita ofisini. Walipiga hesabu wao wenyewe, kutokana na kelele za Jumamosi zote walizokuwa wakifagia taka zake Jumapili, na hesabu ikawapa jibu kwamba neno lao halitakuwa na uzito.

Kisha ikaja Februari 2001. Kocha msaidizi kijana, Mike McQueary, alimkuta Sandusky na mvulana katika mabafu yaleyale usiku. Kesho yake asubuhi, Jumamosi, alikwenda nyumbani kwa Paterno kumweleza. Paterno alimfikishia habari Curley siku ya Jumapili. Alipohojiwa kwa kiapo mwaka 2011 alieleza kwamba hakutaka kuwaharibia watu wikiendi yao. Suala likawafikia Gary Schultz, makamu wa rais aliyesimamia pia polisi wa chuo, na Spanier. Mpango wa kwanza ulikuwa ni kuwaarifu maofisa wa ustawi wa watoto wa jimbo. Baadaye Curley aliandika barua pepe akisema kwamba, baada ya kutafakari zaidi na kuzungumza na Joe, angependa kwanza wazungumze na Sandusky mwenyewe. Spanier alikubali, akauita mpango huo wa kiutu na wenye busara, akaongeza kwamba hatari pekee ni iwapo ujumbe hautasikika, maana hapo watakuwa wamejiweka pabaya kwa kutotoa taarifa. Sandusky akaambiwa asilete tena watoto kwenye mabafu. Polisi hawakuitwa, na hakuna aliyemtafuta yule mtoto kujua ni nani.

Miaka kumi ilipita. Uchunguzi ulianza baada ya kijana mmoja wa shule ya sekondari kulalamika mwishoni mwa 2008, na umma ulijua kupitia gazeti la The Patriot-News la Harrisburg, ambalo mwandishi wake Sara Ganim aliandika mwezi Machi 2011 kwamba jopo la raia linachunguza tuhuma hizo. Ripoti hiyo ilisomwa, na msimu ukaanza kama kawaida mwezi Septemba.

Usiku wa tarehe 9 Novemba Bodi ya Wadhamini ilimfukuza Paterno kwa simu. Mchana wake alikuwa ametoa taarifa akisema kwamba huu ni msiba, mojawapo ya huzuni kubwa za maisha yake, na kwamba akitazama nyuma anatamani angefanya zaidi. Maelfu ya wanafunzi walimiminika barabarani, wakaangusha nguzo za taa, na gari la kituo cha televisheni likapinduliwa kwa ubavu huku umati ukiimba mwito uleule wa uwanjani. Picha ya gari hilo ilizunguka dunia nzima. Siku tatu baadaye, kabla ya mechi dhidi ya Nebraska, wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti pamoja katikati ya uwanja katika ukimya mzito, na maelfu ya watazamaji walikuwa wamevaa bluu kwa ajili ya watoto waliodhulumiwa. Wahitimu walikuwa wameanza kuchangisha fedha kwa RAINN, shirika linalowasaidia manusura wa ukatili wa kingono, na walivuka dola 500,000. Ni watu walewale, mji uleule, juma lilelile. Anayetaka kuwahukumu kwa picha moja itabidi achague ni picha ipi anaificha.

Hapa ndipo maana ya uwajibikaji ilipoanza kuchanganyika, na inafaa kuichambua polepole, kwa sababu neno hilo moja lilibebeshwa mizigo isiyofanana.

Kuna jinai. Sandusky alifikishwa mahakamani Bellefonte, akapatikana na hatia tarehe 22 Juni 2012 kwa mashtaka 45 kati ya 48, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Hadi leo anakana. Kwa wakubwa wa chuo njia ilikuwa ndefu zaidi. Mashtaka mazito dhidi yao yaliporomoka kwa sababu ya utata kuhusu wakili aliyekuwa nao walipohojiwa mbele ya jopo lile la raia, na mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri kosa dogo la kuhatarisha ustawi wa mtoto, huku Spanier akipatikana na hatia ya kosa la aina hiyohiyo. Alitumikia takriban miezi miwili jela mwaka 2021, miaka 20 baada ya barua pepe yake. Paterno hakushtakiwa kamwe. Waendesha mashtaka walisema mapema kwamba alitimiza wajibu wa kisheria alipomfikishia mkubwa wake habari, na kamishna wa polisi wa jimbo akasema palepale kwamba wajibu wa kimaadili ni jambo jingine.

Sentensi hizo mbili, zilizotamkwa ndani ya siku moja mwezi Novemba 2011, zingeweza kumaliza nusu ya ubishi wote. Sheria ya Pennsylvania ya wakati ule ilimruhusu mfanyakazi kupeleka taarifa kwa mkubwa wake na kuishia hapo. Mkubwa ndiye aliyepaswa kuwaarifu maofisa wa watoto. Ilikuwa sheria mbovu, iliyogeuza ngazi ya ofisi kuwa kichujio, na baada ya kashfa jimbo liliibadilisha kabisa, hata tangu mwisho wa 2014 anayelazimika kuripoti anaripoti mwenyewe moja kwa moja. Lakini mashabiki wengi walilichukua tamko la kwanza, kwamba hakuvunja sheria, wakaligeuza kuwa tamko la kwamba hakukosea. Mahasimu wao wakalichukua la pili, kwamba alikosea kimaadili, wakalifanya kuwa sawa na kushiriki jinai. Tangu hapo pande mbili zikawa zinabishana juu ya mtu ambaye, kwa bahati mbaya kwa pande zote, alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 22 Januari 2012, kabla hata kesi ya Sandusky haijaanza.

Kuna pia fidia, ambako chuo kiliwalipa waathirika zaidi ya 30 jumla ya zaidi ya dola milioni 100. Mashabiki hawakuipigia kelele nyingi sehemu hii. Walioipigia kelele walifanya hivyo vibaya: mwaka 2017 mjumbe mmoja wa Bodi ya Wadhamini aliandika kwamba huruma yake kwa hao aliowaita eti waathirika inamwishia, akalazimika kuomba radhi.

Na kuna adhabu ya michezo, iliyovuruga kila kitu. Chuo kilikuwa kimemwajiri Louis Freeh, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa FBI, kufanya uchunguzi huru. Ripoti yake ya kurasa 267 ilitoka tarehe 12 Julai 2012, ikasema kwamba wakubwa wanne, Paterno akiwemo, waliificha habari, na ikataja utamaduni wa kuitukuza programu ya futiboli uliojikita katika ngazi zote za chuo. Siku 11 baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilitangaza adhabu bila kufanya uchunguzi wake chenyewe: faini ya dola milioni 60, miaka minne bila mechi za heshima za mwisho wa msimu, kupunguzwa kwa nafasi za ufadhili wa wachezaji, na kufutwa kwa ushindi wote kuanzia 1998 hadi 2011. Mechi 112 zikatoweka katika vitabu. Moja kati yake ilikuwa imepatikana baada ya Paterno kufukuzwa, kwa hiyo yeye akashuka kutoka 409 hadi 298.

Nadhani kufuta ushindi lilikuwa kosa, ingawa si kwa sababu wanayoitoa mashabiki. Wao husema wachezaji walishinda kwa jasho lao, na hilo ni kweli. Tatizo langu ni kwamba adhabu ile ilikubali kipimo kilekile ilichodai kukipinga. Ripoti ilisema chuo kilithamini ushindi kuliko watoto, kisha NCAA ikaja na kusema kwamba malipo ya watoto ni ushindi. Kwa kuweka 112 kwenye mizani, iliwapa mashabiki kitu cha kupigania ambacho walikijua vizuri, chenye tarakimu, kinachoweza kurudishwa. Maumivu ya mtoto hayarudishwi, mechi hurudishwa. Stika za 409 zikaanza kuonekana kwenye magari na kwenye madirisha ya maduka.

Na mechi zilirudi. Seneta wa jimbo, Jake Corman, alifungua kesi kuhusu faini ile ya dola milioni 60, akitaka itumike Pennsylvania, na katika nyaraka za kesi zikajitokeza barua pepe za ndani ya NCAA, moja ikieleza kwamba mbinu ya chama dhidi ya chuo ilikuwa kama danganya toto ya mcheza karata asiye na karata mkononi. Wakati huohuo George Mitchell, seneta wa zamani aliyewekwa kusimamia mageuzi, alikuwa akitoa taarifa nzuri, na adhabu zilianza kulegezwa tangu 2013. Tarehe 16 Januari 2015 pande zilikubaliana na ushindi wote 112 ukarejeshwa. Wanafunzi walisherehekea mitaani. Kisheria, makubaliano yale yalihusu mamlaka ya chama cha michezo, na hayakugusa hata kidogo nani alijua nini mwaka 2001. Lakini kwa yule aliyekuwa amebandika stika, namba iliporudi, jina lilikuwa limesafishwa.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo bila kusema kwamba mashabiki walikuwa na hoja. Uchunguzi wa Freeh haukuwahoji Paterno, Curley, Schultz wala McQueary, na familia ya Paterno ilitoa ripoti yake mwaka 2013 kueleza kasoro hizo. Waliuliza kwa nini upelelezi ulichukua karibu miaka mitatu huku Sandusky akiwa huru, na uchunguzi wa jimbo wa 2014 ulikubali kwamba kulikuwa na ucheleweshaji, ingawa haukuona ushahidi wa sababu za kisiasa. Waliuliza kwa nini The Second Mile, ambako watoto walipatikana, haikubanwa kama chuo. Ni maswali halali. Ila ukiyafuatilia moja moja unaona kwamba yote yanaelekea nje: kwa wadhamini, kwa mwanasheria mkuu, kwa Freeh, kwa NCAA, kwa taasisi ya hisani. Swali linaloelekea ndani, la kwa nini mfanya usafi aliogopa, halikupata stika.

Nyenzo yao kubwa ilikuwa kura. Katika Bodi ya Wadhamini ya Penn State wajumbe tisa huchaguliwa na wahitimu, watatu kila mwaka. Uchaguzi huo kwa kawaida ulipita bila mtu kuutazama. Mwaka 2012 walijitokeza wagombea 86 kwa nafasi tatu. Mwaka baada ya mwaka wajumbe waliokuwapo usiku wa Novemba 2011 waliondolewa, na nafasi zikachukuliwa na watu walioahidi kurejesha heshima ya kocha. Mwaka 2017 mwanawe, Jay Paterno, aliingia. Ukitafuta mfano wa umma kuiwajibisha taasisi kwa kura, kwa utaratibu na kwa subira, huu ni mfano kamili. Waliowajibishwa walikuwa wale waliomwajibisha Paterno.

Na mtu pekee aliyesema? McQueary aliwekwa likizo na hakurudi tena kazini. Kwa mashabiki wengi alikuwa mwoga, kwa kuwa hakumvamia Sandusky palepale, na kwa wengine alikuwa msaliti aliyemwangusha mzee. Kosa la kutofanya zaidi, ambalo Paterno alilikiri na kusamehewa, kwake halikusamehewa. Mwaka 2016 jopo la mahakama lilimpa dola milioni 7.3 dhidi ya chuo, na jaji akaongeza karibu milioni 5 kwa jinsi alivyotendewa kama mtoa taarifa. Kijana aliyeanzisha uchunguzi kwa malalamiko yake naye ilimbidi ahame shule kabla ya kuhitimu, kwa maneno ya wenzake waliomlaumu kwa kufukuzwa kwa kocha.

Ukuta mmoja mjini State College una mchoro mkubwa wa watu mashuhuri wa eneo hilo. Sandusky alikuwamo, msanii, Michael Pilato, alimfuta kashfa ilipozuka. Paterno alipofariki alimchorea duara la nuru kichwani kama la mtakatifu, na ripoti ya Freeh ilipotoka akalifuta. Sanamu ya shaba ya Paterno nje ya uwanja, akikimbia na kidole kimoja juu huku wachezaji wakimfuata, iliondolewa asubuhi ya Jumapili, tarehe 22 Julai 2012: uzio, turubai la bluu, nyundo za kuvunjia zege, kisha mashine ya kunyanyulia mizigo. Ilipokuwa imesimama pakapandwa miti. Chuo hakijasema hadharani imehifadhiwa wapi.

Septemba 2016, katika mechi dhidi ya Temple, chuo kiliadhimisha miaka 50 tangu mechi ya kwanza ya Paterno akiwa kocha mkuu. Video ya kumbukumbu ilionyeshwa kwenye skrini kubwa, watu wengi wakasimama na kupiga makofi, na wachache wakaupa uwanja mgongo. Miezi michache kabla ya hapo, nyaraka za kesi ya bima zilikuwa zimetaja madai, yaliyokanushwa vikali na familia na yasiyowahi kuthibitishwa mahakamani, kwamba mtoto mmoja alimwambia Paterno kuhusu Sandusky tangu 1976. Mwezi Novemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza chuo karibu dola milioni 2.4 kwa kutofuata sheria ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo kutangaza uhalifu unaotokea katika maeneo yao. Faini hiyo, iliyohusu moja kwa moja usalama wa watu chuoni, ilipita bila umati barabarani.

Mwanzoni mwa 2024 ilifahamika kwamba baadhi ya wadhamini walijadili kwa siri kuupa uwanja wa kuchezea jina la Paterno. Mjadala haukufika popote, na mwaka 2025 jina lilikwenda kwa kampuni ya ukarabati wa nyumba iliyoahidi mchango wa dola milioni 50. Kambi ya wanafunzi nje ya lango iliacha jina la Paternoville mwaka 2012 na sasa inaitwa Nittanyville. Mahema ni yaleyale.